Uzi: Ironbridge (Shropshire) bila gari, siku moja inatosha? Na kwa nini daraja liliunganishwa kiseremala?

#1 Kiguu na Njia
Wakuu, salaam. Safari ni ya Ironbridge, ule mji wa kando ya mto Severn wenye daraja la chuma la 1781. Watu sita, wawili watoto wa shule ya msingi, tunatokea Birmingham na gari hatuna. Msimamo wangu ni kwamba siku moja inatosha na chenji inabaki. Daraja ni moja, unapiga picha, unakula, unarudi. Anayepinga aje na hoja.

La pili ni la mafundi. Inasemwa daraja zima limeshikana kwa viungo vya useremala, ulimi na tundu na kabari, bila bolti hata moja. Bolti karne ya 18 zilikuwepo. Kwa nini hawakuzitumia?

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Waje wajuzi.

#3 Fundi Kabari
Nianze na swali la pili, ndilo lenye nyama.

Aliyechora daraja, Thomas Farnolls Pritchard wa Shrewsbury, alianza maisha kwenye useremala kabla ya kuwa msanifu majengo. Aliyetayarisha michoro ya kazi kiwandani Coalbrookdale, Thomas Gregory, alikuwa msimamizi wa mafundi wa vielelezo vya mbao, wale wanaochonga umbo la mbao linalokandamizwa kwenye mchanga ili chuma kimiminwe humo. Kuanzia mchoro mpaka kalibu, kazi yote imepita kwenye mikono ya watu wa mbao. Hakuna aliyekuwa amewahi kujenga tao la chuma la ukubwa ule, kwa hiyo hakukuwa na kitabu cha kunakili. Walitumia walichokijua. Mbavu zinapitishwa kwenye matundu, panapolegea inapigwa kabari, na vipande vidogo vina kichwa kipana kinachotumbukia kwenye tundu la umbo lilelile, ukikivuta hakichomoki.

Ila "bila bolti hata moja" si kweli. Kileleni mwa tao, pale nusu mbili za ubavu zinapokutana, kuna bolti. Ukienda simama chini utazame juu katikati.

#4 Bi Ramani
Kiguu na Njia, naomba nikutoe kwenye "siku moja inatosha". Ironbridge unayoifikiria ni mtaa mmoja na daraja. Kilichoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1986 ni bonde zima: Coalbrookdale, Ironbridge, Blists Hill, Jackfield, Coalport. Ni kilomita kadhaa za mto, ukingo huu na huu, na makumbusho yametawanyika humo. Wengi wanaotoka huko wamenuna ni wale waliofika darajani saa nne, wakamaliza saa nne na nusu, kisha wakagundua kila kitu kingine kiko kwenye kilima na basi limeshaondoka.

Treni: kutoka Birmingham New Street panda ya kuelekea Shrewsbury, shuka Telford Central. Ni chini ya saa moja. Mkitokea London mnabadilisha Birmingham au Wolverhampton. Stesheni ya Ironbridge yenyewe ilikufa zamani, ile ya ng'ambo ya kusini sasa ni maegesho ya magari, kwa hiyo msidanganywe na jina kwenye ramani za kale.

Kutoka Telford Central mpaka mtoni ni kama kilomita 8. Kituo cha mabasi hakipo mbele ya stesheni, kipo katikati ya mji, mnavuka daraja la waenda kwa miguu na kutembea robo saa hivi. Mabasi ya kwenda bondeni ni machache, Jumapili ndiyo balaa. Kwa watu sita teksi kubwa mkichanga haitawaumiza.

#5 mhunzi_pwani
#3 kaka, hoja ya useremala ni hadithi nzuri lakini inaruka jambo la msingi: chuma chenyewe.

Hiki ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kina kaboni nyingi. Ukikikandamiza kinabeba mzigo wa ajabu, ukikivuta kinapasuka bila hata kukuonya. Tao linafaa kwa sababu karibu kila kipande kinakandamizwa. Sasa toboa tundu la bolti ukaze nati kwa nguvu, umeleta mvuto na umepunguza unene mahali hapohapo. Tundu pana la kabari linalosubiwa pamoja na kipande ni salama zaidi kuliko tundu dogo linalotobolewa baadaye kwa mkono kwenye chuma kigumu hivyo. Wangekuwa maseremala au waokaji mikate, chuma kingewalazimisha kufanya vilevile.

#6 Tochi ya Mgodini
Mmesahau jambo ambalo mafundi wenyewe wangelisema kwanza: vipimo.

Daraja lina vipande karibu 1,700 na uzito wa tani 378 hivi. Walipokuja kulipima upya mwishoni mwa miaka ya 1990, vipande vinavyopaswa kuwa pacha vilikutwa vinatofautiana kwa sentimita kadhaa. Si milimita. Kila kimoja kilisubiwa kuendana na mahali pake. Bolti inataka matundu mawili yakutane sawasawa. Yakipishana kidole kimoja, umekwama juu ya mto na kipande cha tani kinaning'inia. Tundu refu na kabari vinasamehe. Unasogeza, unapiga nyundo, kimekaa.

Mbavu kubwa zilisubiwa kwenye kitanda cha mchanga kilicho wazi juu. Uso uliolala kwenye mchanga ulitoka laini, ulioangalia hewa ukatoka na mabonde na vipele. Ukiwa chini ya daraja tafuta hizo nyuso mbili kwenye ubavu uleule. Ni kitu cha kuwaonyesha watoto kuliko tarehe.

#7 Siti ya Mbele
Kwa hiyo tuna (a) walikuwa maseremala, (b) chuma kiliwalazimisha, (c) vipimo vilikuwa vya kubahatisha. Endeleeni, mahindi ya kuchoma yapo.

#8 Fundi Kabari
Tochi, (c) haiui (a). Mtu wa mbao ndiye anayejua kabari inasamehe, kwa sababu mbao nazo hupinda.

#9 Kisahani
Jamani naomba mtu aeleze walilisimamishaje. Ubavu wa nusu tao una urefu gani?

#10 Tochi ya Mgodini
Kama mita 21, uzito zaidi ya tani 5 kila kimoja, na mbavu kuu ni tano, yaani nusu kumi. Upana wa tao ni mita 30 na ushei.

Kwa muda mrefu watu walibishana namna lilivyosimamishwa kwa sababu hakuna aliyeacha maelezo. Mwaka 1997 ukapatikana Stockholm mchoro wa rangi wa msanii wa Kiswidi, Elias Martin, aliyepita hapo kazi ikiendelea. Unaonyesha jukwaa la magogo lililosimama mtoni kama winchi, likainua mbavu zilizoletwa kwa maji. Baadaye wakajenga nakala ya nusu ukubwa kwa kufuata mchoro huo kuona kama inawezekana, ikawezekana. Nakala ipo Blists Hill.

Hapo ongeza sababu (d), Siti ya Mbele: mto haukufungwa. Severn ilikuwa barabara kuu ya bonde, matishali ya makaa, chuma na vyombo yanapanda na kushuka. Hiyo ndiyo sababu ya tao moja lisilo na nguzo katikati, na ndiyo sababu kazi ya juu ilitakiwa iishe upesi. Mbavu zilipandishwa kiangazi kimoja tu, 1779. Mtu aliyekaa kwenye gogo juu ya maji anapiga kabari kwa mkono mmoja. Kukaza nati pale juu ni habari nyingine.

#11 mhunzi_pwani
Nakubali (d) kwa nusu. Lakini kileleni si ndiko juu zaidi, na ndiko walikoweka bolti?

#12 Tochi ya Mgodini
...

#13 Siti ya Mbele
😂😂 Amekwama kwenye gogo.

#14 Nyumbu wa Naivasha
Niaje wadau. Kabla hamjaenda mbali, #1 ameandika daraja la 1781 na wengine hapa wanataja 1779. Kwenye chuma chenyewe imeandikwa 1779, mwaka mbavu ziliposimama. Lilifunguliwa kwa wapitaji tarehe 1 Januari 1781, kwa sababu barabara za kuingilia na sakafu zilichukua muda. Wote mko sawa, msipigane.

Na hiyo ya "daraja la kwanza la chuma duniani" inayotajwa kila mahali ina mashimo. Huko Yorkshire, kwenye bustani ya Kirklees, kulikuwa na kidaraja cha miguu cha chuma mwaka 1769. Wachina walikuwa na madaraja ya minyororo ya chuma zamani sana. La Severn ni daraja kubwa la kwanza la chuma cha kusubu. Maneno mawili ya ziada, lakini bila hayo ni uongo.

#15 Kiguu na Njia
Sawa, nimeelewa siku moja haitoshi 😅 Lakini ndiyo niliyonayo. Kwa siku hiyo moja, watoto wamo, nianzie wapi?

#16 Bi Ramani
Anzia juu, shuka. Bonde lina kuta, na anayeanzia mtoni anapanda siku nzima.

Teksi iwashushe Blists Hill asubuhi mlango unapofunguliwa. Iko upande wa Madeley, kwa hiyo mkitoka Telford hamjafika hata bondeni. Ni mji wa zama za Malkia Victoria uliokusanywa kwenye eneo la ekari 52: duka la dawa, mpiga chapa, mtengeneza mishumaa, mhunzi, benki. Watoto wataomba kubaki. Tenga saa tatu, nne kama wanapenda mitambo. Karibu na lango kuna mashine mbili kubwa za mvuke za 1851 zilizokuwa zikipuliza hewa kwenye matanuri, msizipite kwa haraka ya kukimbilia pipi.

Anzeni benki. Mnabadilisha pesa za leo mnapewa za kale, shilingi na peni. Pauni moja shilingi 20, shilingi moja peni 12, jumla peni 240. Watoto waliozoea shilingi yetu ya senti mia watapata zoezi la hesabu bila kujua.

Kisha teremkeni kwa miguu mpaka darajani, kama kilomita 2 na nusu. Mkifuata barabara ya mtoni mtapita magofu ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya Bedlam yamefunikwa paa, nusu kilomita kabla ya daraja. Daraja mchana, chai, teksi mrudi. Makumbusho ya chuma ya Coalbrookdale na vigae vya Jackfield mtaviacha kwa siku nyingine, na msivilazimishe.

Tiketi: 2025 ilitangazwa kwamba makumbusho ya bonde yanahamia mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi, kwa hiyo bei na siku za kufungua mlizoambiwa na waliotangulia zinaweza kuwa zimebadilika. Tazama tovuti wiki hiyohiyo. Kuvuka daraja ni bure siku zote.

#17 Ummu Swafiyya
Kwa mnaotafuta halali: pale Blists Hill kuna duka la samaki na chipsi linalopendwa sana, foleni hadi nje. Wanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe kama zamani. Samaki ni samaki, lakini mafuta hayo si ya mnyama aliyechinjwa kwa ajili yetu, na wasiokula nyama nao wajue. Madukani mjini kinachosifiwa ni pai za nguruwe. Beba chakula chako, sehemu za kukaa nje zipo nyingi.

#18 Kisahani
Shukran dada #17. Hii haipo kwenye vipeperushi.

#19 mwana_Wellington
Hakuna aliyegusa mafuriko. Kuanzia Oktoba hadi Machi hili ndilo la kuangalia kwanza, kabla hata ya treni.

Mtaa wa chini kando ya mto unaitwa Wharfage. Severn ikijaa, maji yanaingia barabarani pale. Wakala wa Mazingira huleta vizuizi vya kupanga, fremu na paneli za chuma chepesi, unajengwa ukuta wa muda kando ya barabara. Ukuta ukisimama barabara inafungwa, maegesho ya pale hayapatikani na teksi inazungukia juu. Februari 2020 maji yalisukuma ukuta huo ukasogea kwenye lami na wakazi wakaambiwa waondoke. Kwa hiyo si pambo.

Namna ya kujua: kwenye tovuti ya serikali ya viwango vya mito tafuta kipimo cha Buildwas, kiko juu kidogo ya mji. Angalia pia kipimo cha Shrewsbury, kwa sababu mvua inanyesha kwenye milima ya Wales na kilele cha maji kinapita Shrewsbury kwanza ndipo kije Buildwas. Shrewsbury ikiwa bado inapanda, usijipe moyo kwamba Ironbridge "imetulia". Jua linaweza kuwaka mjini huku mto unakuja.

Daraja lenyewe halina shida na maji. Mafuriko makubwa ya 1795 yaliharibu madaraja mengine ya Severn, hili likabaki zima. Tao wazi, maji yakapita katikati ya mbavu.

#20 Fundi Kabari
Na hapo ndipo wajenzi walipogundua wamezidisha chuma. Baada ya mafuriko hayohayo mhandisi Thomas Telford akajenga Buildwas, jirani hapo juu, daraja la chuma lenye tao refu zaidi, karibu mita 40, kwa chini ya nusu ya chuma cha hili. Pritchard alichora na Darby, mwenye kiwanda cha Coalbrookdale, akajenga kwa hofu, na sioni ubaya. Ukiwa wa kwanza unaongeza.

#21 mhunzi_pwani
Si hofu pekee. Abraham Darby wa tatu alikuwa anauza chuma. Daraja lilikuwa tangazo. Nani anapunguza bidhaa kwenye tangazo lake?

#22 Nyumbu wa Naivasha
Tangazo lililomfilisi. Makadirio yalikuwa kama pauni 3,200, gharama zikapita 6,000 na ziada ikamwangukia yeye. Alikufa 1789 akiwa na madeni. Kama ni biashara, hesabu zilimshinda.

#23 mwana_Wellington
Adui wa daraja ni ardhi. Kuta za bonde zinateleza kuelekea mtoni, udongo umekaa juu ya tabaka laini zenye makaa na mfinyanzi, na chini kumechimbwa kwa karne. Vitako viwili vya daraja, yaani misingi ya kila ukingo, vinasogeleana polepole na tao linabanwa. Egemeo la mawe upande wa kusini lilibomolewa 1802 wakaweka matao ya mbao, na 1821 yakabadilishwa kuwa ya chuma, ndiyo yale madogo unayoyaona upande huo. Kati ya 1972 na 1975 wakamimina zege chini ya mto kutoka kitako hadi kitako ili visikaribiane tena. Nyufa na viraka vya chuma kwenye mbavu vinaonekana kwa macho, usidhani ni uchafu.

Jackfield, chini kidogo, 1952 kilima kiliteleza kikachukua nyumba, barabara na reli. Wameimarisha 2016 lakini ukitembea pale bado barabara ina mawimbi.

#24 Kisahani
Swali la kijinga: magari yalipita hapo mpaka lini?

#25 Nyumbu wa Naivasha
Magari yalizuiwa 1934. Watembea kwa miguu waliendelea kulipa ushuru mpaka 1950. Nyumba ya ushuru ipo upande wa kusini na ubao wa viwango bado umetundikwa. Usomeni mpaka mwisho: askari awe zamu au asiwe zamu analipa, gari la barua linalipa, na familia ya kifalme nayo inalipa.

#26 Siti ya Mbele
Hao ndio watoza ushuru tunaowataka.

#27 Mama Kauri
Naongezea kwa wenye siku ya pili, kwa sababu watu wanaishia darajani na sehemu nzuri iko chini ya mto.

Kutoka darajani mpaka Coalport ni mwendo wa kilomita 3 na kitu. Ukingo wa kusini unapita Jackfield kwenye kiwanda cha vigae cha 1874, sasa makumbusho. Ndani kuna vyumba vilivyopambwa ukutani mpaka dari, na kuna vigae vya udongo wa rangi mbili tatu ambavyo ua halijachorwa juu. Kwanza wanakandamiza udongo wa rangi moja kwenye kalibu yenye ua lililoinuka, unatoka na shimo la ua, shimo linajazwa udongo mwepesi wa rangi nyingine, unaachwa ukauke, kisha uso unakwanguliwa mpaka ua litokee lenye kingo kali. Udongo wa aina mbili ukisinyaa kwa viwango tofauti, ua linang'oka tanurini. Hapo ndipo vigae vingi viliharibika, na ndiyo maana vilivyonyooka viliuzwa makanisani kwa bei.

Kisha unavuka daraja dogo la miguu kwenda Coalport. Lilijengwa 1922 kukumbuka waliokufa Vita Kuu ya kwanza, lakini mahali hapo pana msiba wa zamani zaidi: usiku wa Oktoba 1799 kivuko kilipinduka kikiwa na wafanyakazi wa kiwanda cha kauri, 28 wakazama. Coalport yenyewe ina matanuri ya umbo la chupa unayoweza kuingia ndani, na hosteli ya YHA iko kwenye majengo ya kiwanda hichohicho.

Usikose mteremko wa Hay, uliokuwa wa kushusha na kupandisha boti za mfereji. Kutoka Blists Hill juu mpaka Coalport chini ni kama mita 63 za kimo. Badala ya kujenga milango ya maji 27, waliweka reli mbili kwenye kilima; boti la tani 5 lilishuka juu ya kigari likivuta lingine kupanda. Watu wanne, dakika tatu na nusu. Kwa milango ya maji ingekuwa saa tatu.

#28 Tochi ya Mgodini
Nimerudi. Kuhusu #11: kileleni nusu mbili zinakutana uso kwa uso, hakuna kinachopita ndani ya kingine, kabari ingeshika nini? Bolti pale ni kuzishikilia zisiteleze, mzigo wenyewe unazikandamiza pamoja. Kwa hiyo (d) iko hai.

#29 mhunzi_pwani
Dakika mia umekaa kwenye gogo kutafuta jibu hilo. Si baya. Lakini hilo ni (b), umenisaidia mimi.

#30 Bibi wa Tanuri
Sasa mimi nawauliza ninyi wote: mbavu zilisubiwa wapi? Kila mwongoza wageni anasema "Coalbrookdale" kama aliona.

Tanuri la Kale la Coalbrookdale lina boti ya chuma juu ya mdomo imeandikwa jina la Abraham Darby na 1777. Watu wanasema lilikuzwa kwa ajili ya daraja. Sawa. Lakini kutoka pale mpaka mtoni ni zaidi ya kilomita moja, na kipande ni mita 21 na tani 5. Bedlam ipo ukingoni, nusu kilomita kutoka darajani, na Darby aliinunua 1776, mwaka mmoja kabla ya kazi. Mchoro wa #10 unaonyesha mbavu zimekuja kwa maji.

#31 Fundi Kabari
Nadhani ulimaanisha "boriti" ya chuma, la sivyo kuna boti juu ya tanuri 😂

Kuna njia ya tatu: chuma kilitolewa Coalbrookdale kama vipande, kikayeyushwa tena kwenye tanuri dogo la moto wa pembeni karibu na mto, kikamiminwa palepale. Kampuni ilikuwa ikiyeyusha upya siku zote, na chuma kilichoyeyushwa mara ya pili husubiwa vizuri zaidi.

#32 Bibi wa Tanuri
Boriti, vidole vizito. Njia ya tatu ingeacha mabaki ya tanuri hilo. Yako wapi?

#33 mwana_Wellington
Chini ya barabara, au limeteleza mtoni na kilima kama vitu vingine vya huku.

#34 Nyumbu wa Naivasha
Tukiwa kwenye Tanuri la Kale, tahadhari na tarehe. Boriti nyingine pale inasomeka 1638, na kila mtu anaipiga picha. Kuna picha ya zamani ambamo tarehe ileile inasomeka 1658. Ama rangi ilipopakwa upya ndipo tatu ikatokea, ama tano ndiyo iliyokosewa. Hata hivyo tanuri ni la zamani kuliko Darby wa kwanza, babu wa yule wa daraja, yeye alilikodi tu. Alichofanya 1709 ni kuliwasha kwa makaa ya mawe yaliyookwa badala ya makaa ya miti.

#35 Kisahani
Na kwa nini pale na si kwingine? Makaa ya mawe yapo sehemu nyingi Uingereza.

#36 mhunzi_pwani
Salfa. Salfa ikiingia kwenye chuma kinakuwa cha kukatika. Makaa ya bonde lile yana salfa kidogo, na kuyaoka kunaondoa nyingine. Ongeza kwamba makaa yaliyookwa ni magumu kuliko ya miti, hayapondeki chini ya uzito wa mawe ya chuma, na yanaacha silikoni zaidi kwenye chuma. Chuma hicho kinatiririka vizuri na kujaza kalibu nyembamba. Darby alikuwa anasubu masufuria, alishachukua hataza ya kusubu kwenye mchanga 1707. Chuma chembamba ndicho alichokihitaji. Wahunzi hawakukitaka kwa kufua mpaka miaka ya 1750, wakati wa mwanawe.

#37 Bibi wa Tanuri
Wengine wanasema aliitoa akili kwa watengeneza kimea. Alijifunza kazi Birmingham kwa mtengeneza visagio vya kimea, na kimea kilikaushwa kwa makaa yaliyookwa ili pombe isinuke. Na mtaji ulitoka Bristol, kwa Thomas Goldney, mtu aliyewekeza kwenye safari ya Woodes Rogers ya kuteka meli za Wahispania. Kwa hiyo salfa, kimea, au pesa za baharini, chagua.

#38 Siti ya Mbele
Mimi nachagua rangi. Kwa nini daraja ni jekundu? Picha zote za zamani za mtandaoni ni la kijivu.

#39 Bi Ramani
Ukarabati wa 2017 na 2018 wa English Heritage, shirika linalolitunza daraja, pauni milioni 3.6, sehemu yake imetoka kwenye wakfu mmoja wa Ujerumani. Walipokwangua matabaka ya rangi walikuta chini kabisa nyekundu ya kahawia, wakairudisha hiyo.

#40 Fundi Kabari
Nyekundu ya kahawia ndiyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu inayopakwa chini ya rangi halisi. Kuikuta chini kabisa hakuthibitishi kwamba 1781 watu waliiona.

#41 Bi Ramani
Wataalamu wa rangi walichunguza sampuli kwa darubini, bwana. Hawakukwangua kwa kisu cha jikoni.

#42 Fundi Kabari
Darubini inaonyesha tabaka, haionyeshi nia ya aliyepaka.

#43 Kiguu na Njia
Nawashukuru. Swali dogo: viza ya mwenzetu mmoja anayetoka Nairobi ikoje?

#44 Ummu Swafiyya
Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya matembezi, aombe mapema, alama za vidole zinachukuliwa ana kwa ana. Ndugu wa Ulaya wenye pasi za huko hawahitaji viza ila kibali cha mtandaoni cha ETA kabla ya kupanda chombo, hiki wengi wanakisahau wanarudishwa uwanjani.

#45 mwana_Wellington
Na viatu. Njia ya chini ya daraja ina matope hata Julai, kigari cha mtoto mchanga hakishuki ngazi zile. Teksi ya kurudi iagizeni mapema, mkiwa bado kilimani, kwa sababu bondeni simu hukatikakatika na Jumamosi jioni kila mtu anaitaka ileile.